Fundi AC, hiyo gesi unaipeleka wapi?

Kuna mlio ambao mkazi yeyote wa Dar anaujua hata kama hajui unatokana na nini. Fundi kapanda ngazi, kashika spana, kalegeza nati kwenye lile boksi la nje la AC, alafu inasikika fssssss ndefu, kimvuke cheupe kinatoka, kisha kimya, na fundi anaendelea kung'oa mabomba kama vile hamna kitu. Hapo gesi yote iliyokuwemo kwenye AC imeshaachiwa hewani. Mimi kazi yangu ni kufundisha majokofu na viyoyozi chuoni na kila nikisikia ule mlio roho inaniuma, kwasababu ile gesi ilikuwa na pa kwenda na haikuwa kazi ngumu kuipeleka.

Nianze na wenye AC, maana kuna jambo wengi hamjaambiwa. AC haili gesi. Sio kama petroli kwenye gari kwamba inatumika inaisha, hapana, ni gesi ile ile inazunguka kutoka kompresa (pampu inayoikandamiza) kwenda kondensa ya nje (mabomba yanayotoa joto), inarudi ndani kupoza chumba, inarudi tena kwa kompresa, miaka kumi au zaidi kama mabomba ni mazima. Kwahiyo ukiona kila mwaka fundi anakuja "kuongeza gesi" jua una tundu mahali, na unachonunua kila mwaka kinapotea kupitia hilo tundu. Kazi sahihi ni kuitoa gesi iliyobaki, kutafuta tundu, kuziba, kupima kwa nitrojeni kama bado kuna panapovuja, kuvuta vakyumu (yaani kutoa hewa yote mabombani), ndo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Sasa hapo kwenye "kuitoa gesi iliyobaki" ndipo makala hii ilipo.

Kwanini isiachiwe tu? AC za zamani nyingi zina gesi iitwayo R22, hii inakula tabaka la ozoni na pia inaongeza joto la dunia. Zilizofuata zikaja na R410A, ambayo ozoni haiigusi ila kwa joto ni kali zaidi ya R22, kilo moja ikienda hewani ni sawa na kuachia kilo 2,088 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Weka kwa lugha ya sheli: lita moja ya petroli ikiungua inatoa hewa ukaa kama kilo 2.3, kwahiyo hiyo kilo moja ya gesi ni karibu lita 900 za petroli. AC ya kawaida ya chumbani huwa na kama kilo moja hivi au pungufu kidogo. Yaani ule mlio wa dakika moja pale juu ya ngazi ni kama kuchoma petroli ambayo bodaboda angeifanyia kazi miezi mingi, na hakuna aliyepata hata baridi.

Na kwa fundi mwenyewe ni hatari pia, hili nalisema kwa sauti kwasababu vijana wanaona ni gesi haina harufu basi haina neno. R22 inachemka kwenye nyuzi kama 41 chini ya sifuri, R410A zaidi ya 50 chini ya sifuri, ikikurukia ikiwa bado maji maji inagandisha nyama ya mkono palepale, na jicho ndo usiseme. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi zamani alilegeza nati bila glovu, vidole viwili vikawa vyeupe kama mshumaa, akakimbilia kuvisugua na maji ya moto na akaviharibu zaidi. Ikikutokea tumia maji ya uvuguvugu tu, usisugue, nenda hospitali. Alafu hizi gesi ni nzito kuliko hewa, zinashuka na kukaa chini, kwahiyo ukiachia kwenye chumba kilichofungwa au kwenye besimenti inasukuma hewa ya kupumua, na ukivuta nyingi moyo unaweza kupiga ovyo. Na kitu cha tatu, moto. Ukilehemu bomba ambalo bado lina R22, mwali unaigeuza kuwa moshi wenye asidi na fosijeni, na fosijeni ni sumu ileile iliyotumika kuua askari kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukisikia harufu inayochoma pua wakati unalehemu, zima tochi, toka nje, usiwe shujaa.

Sasa tunaitoaje.

Kama ni AC ya ukutani na kompresa ni nzima na hamna panapovuja, mfano mteja anahama nyumba, huhitaji hata mashine. Unaifungia gesi kwenye lile boksi la nje. Unganisha geji (saa ya kupimia presha) kwenye bomba nene, washa AC kwenye kupoza na iache itulie dakika kadhaa, alafu funga valvu ya bomba jembamba kwa ile spana ya pembe sita. Kompresa itaendelea kunyonya gesi toka ndani na mabombani na kuirundika nje. Wewe macho kwenye geji tu, usichati. Presha inashuka haraka, ikikaribia sifuri funga valvu ya bomba nene na uzime AC hapohapo, kwenye swichi ya ukutani kabisa. Ndo basi. Gesi imelala kwenye boksi, unafungua mabomba, unabeba, unaenda kufunga kwingine na mteja hanunui gesi mpya.

Lakini, na hapa nakuomba fundi usome mara mbili, usifanye hivi kwenye mfumo unaovuja au ukiwa umeshalegeza nati hata moja. Kompresa ikianza kunyonya na kuna upenyo, itavuta hewa, hewa ikichanganyika na oili ndani ya kompresa na ikakandamizwa, inalipuka kama injini ya dizeli. Chuma kinapasuka usoni kwako. Japani ambako hizi AC zimejaa majumbani, wametoa tahadhari nyingi kuhusu ajali za namna hii hii, na waliokuwa wanaumia ni watu waliojua kazi ila walisahau valvu moja. Ukiona presha haishuki wakati valvu ya bomba jembamba umeshaifunga, zima. Usisubiri.

Kama kompresa imeungua, au kuna tundu, au unaenda kulehemu, hapo inabidi mashine ya kuvuta gesi. Mafundi wengi wanasema ni ghali na kweli bei yake inauma, ila mafundi wanne wa mtaa mmoja wakichanga wakawa wanapokezana inawezekana, nimeona vijana wetu waliomaliza wakifanya hivo na inawalipa.

Zima umeme kwanza, na kumbuka kapasita, kile kifaa kinachotunza umeme ndani ya AC, inabaki na chaji hata ukizima. Vaa glovu na miwani. Unganisha mipira ya kupitishia gesi toka AC kwenda geji, toka geji kupitia filta kwenda kwenye mlango wa kuingilia wa mashine, toka mashine kwenda kwenye mtungi, na mtungi uwe juu ya mizani tokea mwanzo. Filta usiiruke, hasa kompresa ikiwa imeungua maana ile oili inakuwa na asidi na itaiua mashine yako mpya. Mipira iwe mifupi, na zile pini za katikati ya valvu, zinazofanana na za tairi, ukizitoa kwa kifaa chake kazi inayochukua nusu saa inapungua sana. Toa hewa kwenye mipira kabla ya kuanza. Kama mfumo ni mkubwa vuta kwanza upande wa gesi iliyo maji maji, ndo umalizie na upande wa mvuke, utaokoa muda mwingi. Mtungi ukichemka presha inapanda na mashine inachoka, funika na tambara lililolowa maji baridi, kwa jua letu hilo tambara ni sehemu ya vifaa kabisa.

Geji ikifika sifuri au ikishuka kidogo chini yake usikimbilie kufungasha. Zima, subiri dakika tano, angalia. Mara nyingi sindano inapanda tena kwasababu kuna gesi ilikuwa imelala kwenye oili ya kompresa, inatoka taratibu. Vuta tena. Ikitulia ndo umemaliza.

Mtungi sasa. Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo panapoua.

Ile mitungi myepesi inayokuja na gesi mpya dukani, ya kutumia mara moja, haikutengenezwa kujazwa tena. Ina valvu inayoruhusu gesi kutoka tu. Nimeona mafundi wanaitoboa au kuichokonoa ile valvu ili waweze kurudishia gesi, na wengine wanachukua mtungi wa R22 wanatia R410A. Angalia hesabu: mtungi mwepesi wa R22 wa namna hii mara nyingi umepimwa kwa presha ya kazi ya psi 260 (psi ni kipimo cha presha, kama cha tairi). R410A ikiwa imekaa tu kivulini kwenye nyuzi 30, haijafanyiwa chochote, presha yake tayari ni kama psi 260. Weka huo mtungi nyuma ya kirikuu saa saba mchana, joto la ndani likafika nyuzi 50, unaongelea zaidi ya psi 400. Hilo ni bomu na fundi kalikalia.

Mtungi sahihi wa kurudishia gesi ni ule mnene wenye valvu mbili, na mara nyingi utakuta mwili wa kijivu na kichwa cha njano. Na wenyewe haujazwi wote. Gesi ikiwa maji maji inatanuka sana ikipata joto, ukijaza mtungi mpaka juu hakuna nafasi ya kutanukia na hapo chuma chochote kitapasuka. Kiwango kinachojulikana ni asilimia 80 ya ujazo. Mimi wanafunzi wangu nawaambia wasimame kwenye 70, kwasababu R410A iliyojazwa 80 kwenye nyuzi 25 ikifika karibu na nyuzi 60 inakuwa imeshaujaza mtungi wote, na ndani ya gari lililofungwa juani Dodoma au Dar nyuzi 60 sio hadithi.

Kwa mfano mtungi wako una lita 20 (imegongwa pale shingoni, pamoja na uzito wake mtupu). Asilimia 70 ni lita 14, na lita moja ya R410A ina uzito kama kilo 1.06, kwahiyo kikomo chako ni kama kilo 14 na ushee. Jumlisha na uzito wa mtungi mtupu, andika hiyo namba kwa maka pen ubavuni, mizani ikifika hapo acha. Tatizo ni kwamba hakuna anayejaza mtungi kwa siku moja. Unavuta nusu kilo Mbezi, gramu 700 Sinza, kilo moja Tabata, wiki zinapita, siku ya kumi na tisa umesahau, unaugusa tu unasema "bado bado". Usiuguse, upime.

Na usichanganye. R22 na R410A zikikutana kwenye mtungi mmoja hakuna fundi wa kuzitenganisha, ile haiwezi kurudi kwenye AC yoyote, imebaki ya kuteketezwa tu. Gesi safi toka kwenye mfumo ambao haukuungua unaweza kuichuja na kuirudisha kwenye mashine ileile ya mteja yuleyule. Iliyoungua iwekee mtungi wake, uandike, na uwaulize mamlaka ya mazingira ya kanda yako wakuelekeze pa kuipeleka.

AC mpya nyingi saivi ni R32, na hii inashika moto. Mashine ya kuvuta iwe imeandikwa inakubali gesi zinazowaka, dirisha wazi, sigara mbali, na mtungi wake uwe wa kwake. Propeni, yaani R290, hiyo inawaka kirahisi zaidi tena, kama huna mafunzo yake usiiguse.

Kuna wanaoniambia mwalimu haya ni ya Ulaya. Sio ya Ulaya. Makubaliano ya kupunguza hizi gesi za joto yalifungwa hapo jirani, Kigali, Oktoba 2016. Na R22 nchi zetu zilishakubali chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni, kupunguza asilimia 67.5 ya matumizi kufikia 2025, na 2030 inafika mwisho isipokuwa kiasi kidogo sana cha matengenezo. Maana yake kwa fundi ni kwamba R22 mpya itazidi kuadimika, na yule aliyekuwa anaivuta na kuitunza ndo atakuwa nayo ya kuhudumia zile AC za zamani, wakati mwenzake aliimwaga hewani pale Kariakoo.

Wewe mwenye nyumba au ofisi, kabla fundi hajapanda ngazi muulize, gesi unaipeleka wapi? Akisema ataifungia kwenye boksi la nje, muulize kama kuna panapovuja. Akisema ana mashine na mtungi, mwambie akuonyeshe mizani. Na akikuletea bei iliyozidi kidogo ya yule wa fssssss, mlipe, kwasababu hiyo nyongeza ni saa nzima atakayokaa juani akiangalia sindano ya geji.