Chupa ilijazwa wapi?

Juzi barazani Langoni, mjini Lamu, baada ya alasiri, mzee wangu mmoja alinisogezea dumu la maji kwa mguu. "Mai haya yana nini? Na wa kulaumiwa ni nani, kaunti au kampuni ya maji?" Kazi yangu ni kupima maji, hivyo sikuwa na pa kukimbilia. Nilimjibu kwamba inategemea chupa ya sampuli ilijazwa wapi. Akadhani namkwepa.

Basi nikampeleka mbali, Flint, katika jimbo la Michigan huko Marekani. Mji wa watu karibu laki moja, ambao wakati huo haukuendeshwa na waliochaguliwa bali na msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na gavana. Aprili 2014, kwa kubana matumizi, mji ukaacha kununua maji ya Detroit ukaanza kuvuta ya Mto Flint. Maji hayo yanakula chuma, na hayakutiwa orthofosfati, dawa inayojenga utando ndani ya bomba. Yakaanza kumomonyoa risasi, madini yenye sumu, ya mabomba ya zamani na kuiingiza majumbani. Mwezi Oktoba kiwanda cha injini cha General Motors kikayakataa kwa kuwa yalitia vipuri kutu. Wenye watoto wakaendelea kuambiwa ni salama.

Linalonikaa moyoni mimi ni chupa. Risasi hupimwa kwenye maji yaliyolala bombani kwa saa 6 au zaidi, yale ya mwanzo kabisa kutoka. Wakazi wa Flint wakaelekezwa wafungulie bomba kwanza litiririke, ndipo maji yalale. Ukifanya hivyo umeshaosha ushahidi. Halafu mwaka 2015, katika sampuli 71, mbili zilizokuwa na risasi nyingi zikaondolewa hesabuni. Zikabaki 69, na kipimo cha mji kikashuka chini ya kikomo cha mikrogramu 15 kwa lita. Hakuna aliyehitaji kughushi namba hata moja. Ukweli ulitoka Septemba kwenye damu ya watoto, pale daktari Mona Hanna-Attisha alipotangaza matokeo yake, na Oktoba mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Ikaja zamu ya lawama, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msimamizi aliwategemea wataalamu, wataalamu wakasema kanuni haikuwa wazi, jimbo na serikali kuu wakanyoosheana vidole. Gavana wa zamani, Rick Snyder, alishtakiwa Januari 2021 akakana. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan ikasema jaji mmoja peke yake hakuwa na uwezo wa kutoa mashtaka. Mwaka 2023 kesi zikaisha bila afisa yeyote kufungwa. Fidia ilikuwa dola milioni 626, nyingi zikiwa za jimbo, yaani kodi ya hao hao walionyweshwa.

"Sisi hatuna risasi," mzee akasema. Labda. Sisi tuna munyu na kinyesi. Maji matamu ya Lamu yamekaa chini ya machuga, yaani matuta ya mchanga, ya Shela, yakielea juu ya maji ya bahari. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Mjini kwenyewe nyumba zimeegemeana, kisima cha huyu na shimo la choo la yule hutenganishwa na ukuta. Kwenye karatasi mambo yako wazi: Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ni jukumu la kaunti. Lakini idara ya afya inayopima maji nayo iko chini ya kaunti hiyo hiyo. Mpimaji na mpimwa wanakula sinia moja, na hapo ndipo ningeanza kuuliza maswali, kabla hata ya kumtafuta mwenye kosa.

Kwa bakteria desturi ni kinyume na risasi: tunafungulia bomba, tunaliunguza mdomo kwa moto, ndipo tunachota. Hivyo tunajua hali ya maji ya kampuni. Tangi la mwenye nyumba halimo hesabuni, wala shida iliyomfanya awe na tangi.

Nikaenda kwake na chupa mbili. Kwenye bomba la mlangoni, kidonge cha kupimia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kiligeuza maji rangi ya waridi, miligramu 0.3 kwa lita, ndani ya kiwango. Kwenye birika la juu, yaani tangi lake, hakuna rangi kabisa: klorini haimo. Mjukuu wake akafunua kifuniko. Ndani mlielea unyoya wa njiwa.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Nikamuuliza maji huja mara ngapi. Mara mbili kwa wiki, akasema, na wiki nyingine hayaji. Nikaandika yote kwenye karatasi moja: bomba, birika, saa niliyochota, na siku ambazo bomba lilikuwa kavu. Akaniomba nakala mbili.