Besi inavuja, haijapotea: dhana potofu kuhusu iafoni za bei nafuu

Mtu ananunua iafoni ya waya ya bei nafuu, anaichomeka kwenye simu, anasikiliza wimbo mmoja na kutoa hukumu: "Hii haina besi." Kesho yake imetupwa kwenye droo. Nimeshaziomba kadhaa kutoka kwenye droo za ndugu na marafiki, na nyingi hazikuwa na ubovu wowote. Tatizo lilikuwa ule mpira mdogo wa mbele unaoingia sikioni, ambao wengi hawautazami hata mara moja.

"Haina besi kwa sababu spika yake ni dhaifu"

Iafoni nyingi za bei ya chini zina spika moja ya duara kila upande, yenye upana wa takriban milimita 10. Ukiiweka mezani, spika ndogo namna hiyo haitoi besi ya maana. Sikioni inaitoa kwa sababu tundu la sikio limezibwa. Kati ya mpira na kiwambo cha sikio hubaki hewa kidogo sana, hivyo spika ikisogea hata kidogo, hewa yote ile husukumwa na kuvutwa.

Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma. Utahisi nguvu kwenye kidole. Sasa legeza kidole kidogo na usukume polepole: hewa inatoroka pembeni, nguvu imekwisha. Besi ni mwendo wa polepole wa hewa, kwa hiyo mwanya ukitokea, besi ndiyo hutangulia kutoroka. Sauti za juu hubaki. Ndiyo maana iafoni iliyokaa vibaya hulia kama kopo: maneno unayasikia, ngoma huzisikii.

Pima hivi. Weka wimbo wenye gitaa la besi lililo wazi, kisha bonyeza iafoni zote mbili ndani kwa vidole, taratibu. Besi ikijaa ghafla na kupotea unapoachia, spika ni nzima. Unachohitaji ni mpira mwingine.

"Saizi ya kati inamfaa kila mtu"

Iafoni huja na mipira ya kati ikiwa imeshavishwa. Midogo na mikubwa iko kwenye kifuko kidogo, na kifuko hicho hutupwa pamoja na boksi. Nakuomba sana usikitupe. Tundu la sikio la kulia na la kushoto la mtu yule yule mara nyingi hayalingani. Mimi mwenyewe kushoto natumia mkubwa na kulia wa kati, na niliishi miaka nikiamini kwamba waimbaji wote husimama upande wa kulia.

Wala mpira mkubwa zaidi hauzibi zaidi. Ukilizidi tundu hujikunja, na ule mkunjo unakuwa mfereji wa kupitisha hewa. Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ndipo uingize iafoni. Kisha zungumza: sauti yako ikisikika nzito, kama inatoka ndani ya kichwa, umeziba sawasawa. Maumivu nayo ni jibu. Saizi inayouma si yako.

"Mipira yote ni sawa, tofauti ni rangi tu"

Ya silikoni inadumu, inaoshwa kwa sabuni, na hubakiza sauti za juu zikiwa safi. Ya sponji unaiminya kati ya vidole hadi iwe nyembamba, unaiingiza, unaishikilia nusu dakika mpaka ifutuke na kujaza tundu. Inaziba vizuri kuliko nyingine yoyote niliyojaribu, inakata kelele za barabarani, na inalainisha kidogo sauti kali za juu. Gharama yake ni kwamba inachakaa. Baada ya miezi michache ya matumizi ya kila siku inakuwa ngumu na haifutuki tena, basi inunue ukijua hivyo.

Tazama pia upana wa tundu la katikati ya mpira. Tundu pana kwa kawaida huachia sauti za juu zaidi, jembamba huzipunguza. Kina nacho kina kazi yake: ukisogeza iafoni ndani zaidi, unafupisha nafasi iliyobaki hadi kwenye kiwambo, na ule mwangwi mkali unaofanya herufi "s" ichome masikio husogea juu zaidi. Milimita mbili zinatosha kusikia tofauti.

Mfano ninaoupenda ni iafoni za The Plug za kampuni ya Koss ya Milwaukee, Marekani. Zilikuwa rahisi, zikija na vipande vya sponji ambavyo wengi hawakuridhika navyo. Wapenzi wa sauti wakachukua vile vizibo vya njano vinavyouzwa kwa wafanyakazi wa viwandani kuzuia kelele, wakavitoboa katikati, wakavivika kwenye shingo ya iafoni ile, yaani kile kibomba kinachoingia ndani ya mpira. Spika ilibaki ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuziba.

"Ziba tundu la pembeni, besi itaongezeka"

Hii ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu imeharibu iafoni nyingi.

Kwenye ganda la iafoni kuna vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Kile kilicho karibu na shingo, upande unaogusa sikio, huachia hewa ya mbele ya spika. Ukikiziba, besi huongezeka kweli. Lakini ukivaa utasikia mlio kama karatasi inayokunjwa, kwa sababu hewa uliyoisukuma imekosa pa kutokea na utando wa spika unabonyea. Kile cha nyuma huiachia spika ipumue. Ukikiziba, mara nyingi besi hupungua, kwa kuwa spika sasa inashindana na hewa iliyofungiwa nyuma yake. Vitundu viwili, majibu mawili yanayopingana.

Kama unataka kujaribu, tumia plasta ya karatasi ya duka la dawa, ile nyeupe ya kushikizia bandeji. Inapitisha hewa kidogo, kwa hiyo inapunguza bila kuziba kabisa, na ukichukia matokeo unaibandua. Ziba nusu ya tundu, sikiliza siku mbili, ndipo uamue. Gundi ya maji usiikaribishe kabisa, tone moja likiingia ndani hakuna fundi wa kukusaidia.

Kama sauti inachoma, kata kipande cha sponji laini, kidogo kama punje ya mchele, ukiweke ndani ya shingo bila kukishindilia. Kikizidi, kila kitu kitasikika kama kimefunikwa blanketi. Mabadiliko yote ninayoyafanya ni yale ninayoweza kuyarudisha nyuma.

"Upande mmoja umekufa"

Kabla ya kuitupa, vua mpira na utazame wavu wa shingoni kwenye mwanga. Mara nyingi ni nta ya sikio. Elekeza shingo chini ili uchafu udondoke, usugue taratibu kwa mswaki laini mkavu. Usichomeke pini, utausukuma uchafu hadi kwenye spika.

"Bei kubwa na spika nyingi ndizo sauti nzuri", na "ziache zilie saa 100 zifunguke"

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni na iafoni 283, akakuta bei haina uhusiano na mpangilio wa besi, sauti za kati na za juu. Moondrop Chu, iliyotoka 2022 kwa takriban dola 20, ina spika moja kila upande na ilisifiwa sana. Na zile saa 100 ambazo watu hushauri uziache iafoni mpya zilie ili sauti ifunguke, kinachobadilika zaidi ni masikio yako yanayozoea.

"Ikwalaiza itamaliza kila kitu"

Naipenda ikwalaiza, ile programu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu, na kwa simu za Android programu ya Wavelet ina marekebisho tayari ya maelfu ya modeli. Ila kwenye mpira unaovuja, besi unayoiongeza inatoroka palepale, na spika inaelemewa bure. Ziba kwanza.

"Kwenye daladala lazima uongeze sauti"

Unaongeza kwa sababu kelele zinaingia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Sponji iliyokaa vizuri hukuwezesha kushusha sauti na bado ukasikia gitaa la besi. Ukishuka kituoni, vua upande mmoja kabla ya kuvuka barabara. La sivyo, hata bodaboda hutaisikia.