Kidonge cha Kukinga Moyo: Kabla Hujakubali, Uliza

Mwezi wa nne wa matibabu, mama mmoja wa miaka 63 alinifungulia mkebe wa biskuti katika kliniki yetu ya presha hapa Mombasa. Ndani mlikuwa na pakiti za atorvastatini, moja ya statini, yaani dawa za kushusha kolestroli ili kukinga moyo, hata kidonge kimoja hakijatobolewa. Kila nilipomuuliza kama anameza dawa alinijibu, "Alhamdulillahi, daktari." Nami nikasikia "ndiyo."

Kosa lilikuwa langu. Dawa ile niliiandika kwa dakika mbili, foleni imejaa nje. Mama hajawahi kuumwa kifua, alfajiri anachoma mahamri ya kuuza. Mtu kama huyo utamwambiaje ameze kidonge kila siku maisha yake yote, bila kumweleza atafaidi nini?

Tukaanza upya. Umri, presha, kolestroli, na kwamba havuti sigara: yote tukayasoma kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani, ambalo toleo lake la 2019 lina sehemu ya kanda yetu ya Afrika Mashariki. Hatari yake ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ilikaribia asilimia 10 kwa miaka 10. Nikaona asilimia haijamwingia, nikampeleka feri kwa mfano.

"Chukua wanawake 100 mfano wako wanaoshuka Likoni. Wasipotumia dawa, katika miaka 10 kama 10 kati yao watapata mshtuko wa moyo au kiharusi. Wote wakimeza kila siku, watapata 7 au 8."

Akafikiri. "Kwa hivyo huenda nikameza bure?"

Huenda. Wale 90 wasingepatwa hata bila kidonge, na hakuna daktari awezaye kuwanyooshea kidole wale wawili watatu watakaookolewa. Kuna atakayesema wawili si wachache, na kuna atakayetaka kwanza kupunguza chumvi na kutembea. Wote wawili wana akili zao timamu. Lakini kama umeshawahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha mishipa kuziba, hesabu ni nyengine: faida ni kubwa zaidi, na hapo nitakusihi kwa nguvu zangu zote.

Kilichomzuia hasa kilikuwa maneno ya jirani: vidonge vile "vinakula misuli." Madhara ya misuli yapo. Maumivu makali yanayoandamana na mkojo mweusi ni ya kukimbilia hospitali, ila ni nadra sana. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020 uliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa miezi ya statini, miezi ya kidonge bandia kisicho na dawa ndani na miezi bila chochote, kwa kupishana. Asilimia 90 ya usumbufu waliouona kwenye statini waliuona pia kwenye kidonge bandia. Hawakuwa wakisingizia, waliumwa kweli, ila mara nyingi dawa yenyewe haikuhusika. Statini pia huongeza kidogo uwezekano wa kupata sukari, hasa kwa aliye ukingoni tayari. Hilo nalo nilimwambia.

Wewe nawe usifiche. Mwambie daktari kila unachotumia, hata habasoda. Baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi na baadhi ya antibiotiki hazipatani kabisa na simvastatini, statini nyengine. Na kwa wanaofunga Ramadhani: atorvastatini humezwa saa yoyote, basi futari au daku, chagua wakati ambao hutausahau.

Mama alikubali kuanza, lakini kwa miligramu 10, si 20 nilizotaka. Nilikunja uso kidogo, kisha nikakumbuka kwamba kuongeza dozi maradufu hushusha kolestroli mbaya kwa kama asilimia 6 tu ya ziada. Kumi anazozimeza zinashinda 20 za mkebeni. Nikaandika kwenye faili kwamba uamuzi ni wetu sote, na tutapima tena baada ya miezi mitatu.