Lavenham na Kersey: Vijiji vya Suffolk Vilivyookolewa na Umaskini

Nafanya kazi ya kukarabati majengo ya kale, na kila ninapowatembeza wageni Lavenham, katika kaunti ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, swali la kwanza huwa lile lile: mbona nyumba zimepinda hivi? Zilijengwa kwa mti mbichi. Mafundi wa karne ya 15 waliuchonga mwaloni ungali na maji, maana ukishakauka hauchongeki kirahisi. Wakaunga fremu kwa vigingi vya mbao, mti ukakaukia ukutani ukijikunja utakavyo. Maungio nayo yakakaza.

Kati ya nguzo wakasuka fito, wakazikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Aliyekulia katika nyumba ya kukandika kule Tanga au Kilifi hahitaji maelezo zaidi.

Sasa tazama jinsi nguzo zilivyobanana. Ukuta hauhitaji mbao nyingi kiasi hicho. Mwaloni ulikuwa ghali, na mwenye nyumba alitaka jirani aone. Fedha zilitoka kwenye sufu: Lavenham ilifuma kitambaa kizito cha buluu kilichouzwa hadi nje ya Uingereza, na katika kodi ya mwaka 1524 ilihesabiwa ya 14 kwa utajiri katika England nzima, mbele ya miji mikubwa kama York. Leo ina wakazi wasiofika 2,000.

Mnara wa kanisa, wenye urefu wa takriban mita 43, ndio unaosimulia vizuri zaidi nani alikuwa na pesa. Waliolipa ni John de Vere, kabaila mwenye cheo cha Earl wa 13 wa Oxford, pamoja na ukoo wa Spring, wafanyabiashara wa vitambaa. Chini utaona nyota ya de Vere. Juu kabisa, ngao ya akina Spring. Sijui kama mwenye cheo alifurahi kukaliwa kichwani na mwuza nguo.

Kisha neema ikakatika. Katika karne ya 16 wakimbizi kutoka Uholanzi na Flanders walianza kufuma vitambaa vyepesi na vya bei nafuu huko Colchester, na buluu nzito ya Lavenham ikakosa wanunuzi. Kwingineko matajiri walibomoa nyumba za mbao wakajenga za matofali. Lavenham haikuwa na uwezo huo. Wengi waliishia kupiga lipu mbele ya nyumba ile ile, kwa hiyo ukiona ukuta laini usidanganyike: nyuma yake mara nyingi kuna fremu yenye umri wa miaka 500. Hata jumba la chama cha kidini cha Corpus Christi, lililojengwa mnamo 1530, lilipata kuwa jela na makao ya maskini.

Kuhusu rangi nina ubishi. Mbao nyeusi na kuta nyeupe ni mtindo ulioenea karne ya 19. Lavenham mbao nyingi zimeachwa za kijivu au zimepakwa chokaa. Rangi ya waridi ya kuta za Suffolk, watu husimulia, ilitokana na damu ya ng'ombe. Mimi simulizi hiyo siipi uzito. Kinachonisumbua zaidi ni saruji. Chokaa huruhusu ukuta upumue. Saruji hufungia unyevu ndani na mwaloni ukaoza. Mafundi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaujua ugonjwa huo kwenye mawe ya matumbawe.

Kersey ni kadogo na watalii wengi hukaruka. Makosa. Panda hadi kanisani, utazame mtaa mmoja ukiteremka hadi kwenye kijito kinachokatiza barabara. Magari hupita majini, yakisubiri bata wamalize shughuli zao.

Kutoka London panda treni kituo cha Liverpool Street, badilisha Marks Tey, ushukie Sudbury, kisha basi. Mwenye miguu mizuri anaweza kutembea kutoka Lavenham hadi kijiji cha Long Melford, sehemu ya njia ikipita palipokuwa reli. Kanisa la hapo limejengwa kwa mawe ya gumegume, kwa kuwa Suffolk haina mawe mazuri ya kuchonga. Kabla ya kuingia, lizunguke kwa nje: kuta zimeandikwa majina ya waliochangia ujenzi, na ombi kwamba roho zao ziombewe.