Manowari nayo hukwanguliwa: kwa nini jeshi tajiri hubisha hodi kwa kampuni ndogo?

Maji yakipwa Bagamoyo, mashua hubaki zimelala ubavu mchangani, na hapo ndipo kazi isiyopendwa na mtu huanza. Watu huchutama chini ya chombo na vyuma bapa mkononi, wakikwangua mwani, utelezi na vile vijigamba vyeupe vinavyokata vidole. Chombo cha mbao huweza kupitishiwa moto wa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa ubao kwa ndani. Kisha hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na sehemu ya juu isiyozama hupakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake hukufikia kabla hujamwona fundi.

Sasa fikiria manowari ya chuma, ina rada, makombora na injini za kutisha. Nayo hukwanguliwa? Ndiyo, tena kwa gharama ambayo ingenunua mashua zote za mwambao huu. Watafiti wa Marekani walipiga hesabu mwaka 2011 kwa aina moja tu ya manowari, zile za nchi yao ziitwazo Arleigh Burke, wakakuta kwamba uchafu unaoota chini yake hulitia jeshi hasara ya takriban dola milioni 56 kila mwaka. Sehemu kubwa ya fedha hizo huishia kwenye mafuta. Chombo kilichoota magamba mengi hukwaruzana na maji, na kwa mwendo wa kawaida wa safari frigeti, nayo ni aina ya manowari, huweza kuhitaji nguvu ya injini zaidi kwa asilimia 86 ili idumishe kasi ileile.

Mkosaji ni nani? Uso wowote ukizama baharini hupata utando mwembamba ndani ya dakika chache. Bakteria huja ndani ya saa, mwani hufuata, halafu hufika yule wa gamba. Wengi humdhania ni jamaa wa kome, kumbe ni ndugu wa kamba na kaa. Akiwa mchanga huogelea akitafuta makazi, akipapenda hubandika kichwa chake pale kwa gundi inayokauka majini, hujijengea ukuta wa chokaa, na maisha yake yote yaliyobaki hula kwa kupunga miguu.

Unaweza kuuliza kwa nini jeshi lisinunue tu rangi wanayotumia wenye meli za mizigo. Zipo rangi nzuri za silikoni, laini kiasi kwamba uchafu hushindwa kushika vizuri na husombwa na maji meli inapokimbia. Sharti ni ikimbie. Meli ya mizigo hupata hasara ikisimama, kwa hiyo iko njiani karibu wakati wote. Manowari hutia nanga bandarini wiki baada ya wiki ikisubiri amri, na huko ndiko magamba huota. Tatizo la mwanajeshi, basi, si la mfanyabiashara, na kiwanda kikubwa cha rangi hakioni sababu ya kuhangaikia mteja mwenye meli chache huku chenyewe kikihudumia maelfu.

Hapo ndipo kampuni ndogo inapoingia. Mwaka 1977 Roland Tibbetts, aliyekuwa akifanya kazi katika Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, alianzisha mpango wa kuzipa kampuni ndogo fedha za utafiti wa mambo ambayo benki isingethubutu kukopesha. Mwaka 1982 Rais Reagan alitia saini sheria iliyoueneza mpango huo serikalini. Kufikia mwaka 2017 kila idara iliyotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kugharimia utafiti wa watu wa nje ilitakiwa kutenga asilimia 3.2 kwa kampuni hizo. Ndogo, kwa kipimo chao, ni yenye wafanyakazi wasiozidi 500. (Bagamoyo hiyo tungeiita kampuni kubwa mno.)

Jeshi la Majini huandika shida yake waziwazi: tunataka rangi ya namna hii, betri ya namna ile, chuma kisicholiwa na chumvi. Kampuni hujitokeza na wazo. Awamu ya kwanza ni fedha kidogo za miezi michache, kuonyesha tu kwamba jambo linawezekana. Ya pili ni kubwa zaidi, ya kutengeneza kielelezo kinachofanya kazi. Ya tatu haina ruzuku ya mpango huo kabisa. Kampuni itafute mnunuzi, awe jeshi lenyewe au mtu mwingine. Wengi huishia njiani, na kwa maoni yangu hilo ndilo lengo. Wazo bovu likifa mapema, limekufa kwa bei rahisi.

Maana historia ya jambo hili imejaa dawa zilizogeuka ugonjwa. Mwaka 1761 Waingereza waliifunika frigeti yao HMS Alarm kwa mabamba ya shaba. Magamba yalikoma, lakini muda si mrefu misumari ya chuma iliyogusana na shaba ikawa imeliwa, kwa sababu metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni kama betri: moja humla mwenzake. Miaka sitini baadaye shaba yenyewe ilikuwa ikiliwa na bahari, na mwanakemia Humphry Davy akapata jibu mwaka 1824. Funga kipande cha zinki au chuma kwenye shaba, kiliwe hicho badala yake. Ilifanya kazi barabara. Shaba haikuliwa tena, na meli zikaota magamba kuliko mwanzo! Kumbe shaba ilikuwa ikiwafukuza wadudu kwa sumu ya kule kuyeyuka kwake kidogo kidogo. Ukiikinga, umeinyang'anya silaha.

Katika karne ya 20 ikaja rangi ya tributilitini, sumu yenye bati ndani yake, na ilikuwa kali kweli. Chaza wa ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa walianza kuota magamba yaliyopinda, na konokono wa kike wa baharini wakaota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kufanya kazi mwaka 2008.

Kilichofuata kingemchekesha fundi wa hapa anayenuka sifa. Ofisi ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani ilimwomba Anthony Brennan wa Chuo Kikuu cha Florida atafute njia isiyo ya sumu, naye akavutiwa na papa, ambaye haoti uchafu, tofauti na nyangumi. Aliyewahi kumpapasa papa kutoka mkiani kwenda kichwani anajua ngozi ile hukwaruza kama msasa. Brennan aliiga michirizi yake kwa vipimo visivyoonekana kwa macho, na katika majaribio spora za mwani, yaani chembe zake za kuzaliana, zilizotua zikapungua kwa asilimia 85. Mwaka 2007 ikazaliwa kampuni ndogo, Sharklet. Ila spora ya mwani na mtoto wa yule wa gamba hawalingani ukubwa. Mchirizi unaomkataa mmoja huweza kumkaribisha mwenzake. Kampuni ikageukia hospitali, kwenye vifaa kama mirija ya mkojo, ambako adui ni bakteria peke yake.

Manowari nyingi za Marekani bado hupakwa rangi ya shaba inayojimenya taratibu majini na kuondoka na kilichoshika juu yake. Deheni nayo hulika hivyo hivyo, ndiyo maana fundi hurudi nayo mchangani kila baada ya muda, maji yakipwa.