Je, wajua kwa nini nchi saba zilihitajiana ili kumdhibiti usubi?

Usubi ni mdudu mweusi wa milimita chache tu, mgongo umejipinda kama mwenye kibyongo. Jike ndiye anayeuma, na akiuma anaweza kupandikiza mnyoo. Mnyoo huyo akikomaa hukaa chini ya ngozi miaka 10 hadi 15, akizaa vijinyoo kwa mamilioni. Kwanza ni muwasho wa kumkosesha mtu usingizi. Vikifika machoni, baada ya miaka mtu hupofuka.

Mabuu ya usubi hukua kwenye maji yaendayo kasi, ndiyo maana ugonjwa huu huitwa upofu wa mtoni. Katika mabonde ya mito ya Volta, Afrika Magharibi, vijiji vizima vilihama ardhi yenye rutuba na kwenda kuhangaika na nyanda kavu.

Basi kwa nini kila nchi isingenyunyizia dawa mito yake, kazi ikaisha? Jibu ni upepo. Usubi hubebwa na pepo za msimu wa mvua, hata kilomita 400. Safisha mito yako leo. Msimu ujao unapokea wageni wa jirani, nao hawagongi muhuri mpakani.

Ndipo mwaka 1974 Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Ghana, Mali, Niger na Togo zikaanza mpango mmoja, makao yake Ouagadougou, pamoja na Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa. Helikopta zilimwaga dawa kwenye maporomoko, pale mabuu yanapong'ang'ania miamba. Zilirudi kila wiki, kwa kuwa buu halikawii kuota mbawa.

Kinachonivutia mimi zaidi ni subira. Wafadhili wamezoea miradi ya miaka mitatu au mitano, lakini mnyoo hajui kalenda yao. Ukiacha mapema, usubi anarudi na kuwakuta watu bado wana minyoo, na ugonjwa unaanza upya. Kwa hiyo hesabu ilipigwa kwa miaka 20.

Usubi naye hakukaa kimya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alishaanza kuizoea dawa ya mitoni, ikabidi dawa tofauti zitumike kwa kupokezana. Kwa sababu ya pepo zilezile, Guinea, Guinea-Bissau, Senegal na Sierra Leone nazo ziliingizwa.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ikaahidi kutoa bure dawa ya ivermectin kwa muda wote itakaohitajika. Haimuui mnyoo mzazi. Inafyeka vijinyoo, hivyo humezwa kila mwaka. Kijijini hakuna haja ya mizani: mgawaji husimamisha fimbo yenye alama, humpima mtu urefu, kisha humhesabia vidonge.

Mpango ulifungwa 2002, na hekta zipatazo milioni 25 zikawa salama kwa kilimo. Sierra Leone, iliyokuwa vitani, ilibaki nyuma. Januari 2025 Niger ikathibitishwa kuwa nchi ya kwanza Afrika kuukomesha ugonjwa huu; ng'ambo ya mpaka wake, Benin na Nigeria, vidonge bado vinagawiwa.