Udongo wa Mfinyanzi Hautibiwi kwa Mchanga

Nimeulizwa tena, safari hii na mwenye robo ekari ya udongo mweusi wa mfinyanzi huko Kitengela, ni lori ngapi za mchanga wa mtoni zitakazotosha kulegeza shamba lake apande sukuma wiki na nyanya. Nilimjibu kwamba asinunue hata moja.

Tupige hesabu. Robo ekari ni takriban mita za mraba 1,000, na tabaka la juu la sentimita 15 lina mita za ujazo 150, yaani kama tani 180 za udongo. Ikiwa asilimia 60 ya udongo huo ni mfinyanzi nawe unataka ishuke hadi 30, itakulazimu kuongeza mchanga wenye uzito sawa na udongo wenyewe, jambo linalohitaji zaidi ya safari 25 za lori la tani 7. Lori moja halifikii asilimia 4 ya udongo ulio nao. Punje hizo chache humezwa na mfinyanzi bila kugusana, kwa hiyo haziachi kati yake njia yoyote ya maji, na kiangazi kikifika jembe linadunda vilevile, isipokuwa sasa mfuko nao ni mtupu.

Maji na hewa hupita kati ya mabonge madogo ya udongo, na mabonge hayo hushikamanishwa na mizizi, kuvu na bakteria wanaokula masalia ya mimea. Ndiyo maana pesa ya mchanga ingefaa kununua samadi iliyoiva au mboji: tandaza unene wa sentimita 5 juu ya matuta peke yake, ambao kwa tuta la mita 1 kwa 10 ni toroli saba au nane, kisha uchanganye na udongo wa juu na kufunika kwa matandazo. Matuta yawe mapana na yainuliwe, yakiwa na mifereji yenye mahali pa kumwaga maji, kwa maana mfereji usio na mwisho ni bwawa tu.

Linaloniudhi kuliko mchanga ni kulima udongo ukiwa umelowa, eti kwa sababu ndipo unapokuwa laini. Chukua kiganja cha udongo kutoka kina cha jembe, ukisokote. Kikitoa kamba ya unene wa kalamu bila kukatika, rudi nyumbani. Asubuhi moja ya kukanyaga na kulima udongo wa namna hiyo huponda mabonge yaliyojengwa kwa misimu kadhaa, na hakuna samadi itakayoyarudisha kabla ya mavuno.

Tena, mfinyanzi si mmoja. Udongo mwekundu wa Kiambu una mfinyanzi mwingi lakini hupitisha maji vizuri, kwa kuwa madini yake hayavimbi sana na oksidi za chuma huimarisha mabonge yake. Shida yake ya kawaida ni tindikali na fosforasi inayong'ang'aniwa na udongo, na huko chokaa ina kazi baada ya kupima. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, na mara nyingi pH yake imepita 7, yaani hauna tindikali, hivyo kuuwekea chokaa ni kutupa pesa. Jasi (gypsum) nayo husaidia pale tu sodiamu inapozidi. Kupata dalili yake, dondosha bonge kavu katika glasi ya maji ya mvua bila kukoroga: likizungukwa na wingu la maziwa, hapo peleka sampuli maabara.

Nakiri kwamba mboji haibadilishi madini yanayovimba, na kwa joto letu huoza upesi, hivyo lazima iongezwe kila msimu. Hata shamba likistawi, mara nyingi siwezi kutenganisha kazi ya samadi na kazi ya tuta lililoinuliwa. Nikilazimika kuchagua moja kwa udongo mweusi, nitaanza na tuta. Kuchimba kwa kina maradufu sikushauri tena, kwa sababu huleta juu udongo mbichi usio na uhai, na mgongo ndio unaolipa.

Karoti ziache kwa msimu wa kwanza, maana zitagawanyika miguu. Ukizitaka sana, panda aina fupi kama Chantenay kwenye tuta lililoiva zaidi.